Waya Ukikatika

Huko Kilosa, karibu na njia ya Reli ya Kati, alikuwapo fundi cherehani aliyejifunza elektroniki bila ya mwalimu. Mchana alishona sare za wanafunzi barazani. Usiku alizifungua redio mbovu na kuzitandaza juu ya kile kile kitambaa alichokatia suruali. Zilikuwa redio za National zilizoundwa Dar es Salaam na za Philips zilizoundwa Arusha, ambazo wenyewe walikwisha kata tamaa nazo. Hakuwa na chombo cha kulehemia. Alipasha kipande cha shaba ndani ya pasi yake ya mkaa, na mara nyingi suruali ya mteja ilingoja mpaka waya ushike.

Kitabu chake cha kwanza alikinunua Morogoro mjini, katika vitabu vya mitumba vilivyopangwa chini kando ya barabara. Kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, na jina la mtungaji hakulijua abadan. Fundi aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Basi alikisoma kama mtu avukaye mto juu ya mawe: neno alijualo analikanyaga, asilolijua analiruka. Kuruka huko, kama tutakavyoona, kulikuja kumgharimu. Baadaye alipata kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, akaanza kuandika daftari lake mwenyewe kwa Kiswahili.

Daftari hilo ndilo linalostahili kutajwa kuliko mitambo yote aliyoiunda. Kikinza, kabla ya kulipata neno lenyewe, alikiita “mkaidi”. Kapasita aliiita “mtungi”, kwa kuwa hujaa taratibu na humimina kilichomo. Transista alimwita “bawabu”, yule ambaye ukimpa kidogo mkononi hukufungulia mlango mkubwa. Na yeyote aliyewahi kupanga foleni katika ofisi zetu hatahitaji maelezo zaidi. Rangi za vikinza alizihifadhi kwa kuzighani huku mguu ukikanyaga cherehani: nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, njano nne, kijani tano, buluu sita, zambarau saba, kijivu nane, nyeupe tisa. Kikinza chenye njano, zambarau na nyekundu kilikuwa 4 na 7 na sifuri mbili, yaani 4,700. Watoto wa jirani walizijua kabla ya kujua kazi yake.

Jaribio lake la kwanza lililofaulu lilikuwa taa mbili ndogo nyekundu zinazopokezana kuwaka, kwa mabawabu wawili na mitungi miwili. Kwa hesabu ya kitabu, kila taa ilipaswa kuwaka mara 43 kwa dakika. Alikaa mbele ya saa ya ukutani akahesabu 38. Akahesabu tena, 38. Aliandika: “Mtungi mkuukuu hausemi kweli.” Mtu aliyesomeshwa darasani huenda angelaumu macho yake.

Yafaa kukumbuka kwamba kizazi chake kilikulia katika nchi iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na yake ya rangi tangu miaka ishirini nyuma. Kwa watu wa Kilosa, elektroniki ilikuwa ni redio, na redio ilikuwa ni betri mbili za kuanikwa juani zikichoka.

Dada yake aliolewa Mikumi. Shamba lake la mahindi lilikuwa upande unaoelekea hifadhi, ile iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964 na ambayo barabara kuu ya kwenda Zambia inaipasua katikati. Umeme wa bwawa la Kidatu, megawati 204, ulipita juu kwa juu katika nguzo za chuma kuelekea Morogoro na Dar es Salaam; nyumbani kwa dada palikuwa na kibatari. Mahindi yalipoanza kubeba, tembo walikuja usiku. Mwanawe wa kiume, wa miaka kumi na minne, alilala katika dungu shambani na debe la kupiga, na asubuhi alisinzia darasani, siku alizokwenda.

“Kaka,” dada alimwambia, “wewe unachezea nyaya usiku kucha. Nifanyie kitu kitakachoniamsha mimi, ili huyu mtoto alale ndani.”

Kitabu kilikuwa na mchoro wa namna hiyo. Waya mwembamba huzungushwa shambani. Maadam ni mzima, umeme kidogo unaopita katika kikinza huishia humo. Waya ukikatika, umeme ule hukosa njia, ukaenda kwa bawabu. Bawabu hufungua, rilei huvuta, honi hulia. Kwenye koili ya rilei mchoro ulionyesha pia diodi moja, iliyopachikwa kinyume, isiyoweza kupitisha kitu. Fundi aliitazama siku mbili, akaamua kuwa ni kosa la wapiga chapa. Aya iliyoieleza ilikuwa na Kiingereza kigumu, aliiruka.

Alifunga mtambo kwa betri kuukuu ya gari na honi aliyoipata kwa mafundi wa malori. Jioni ileile, mbele ya shemeji na majirani, aliukata waya. Honi ililia, watu wakashangilia. Akauunganisha waya. Honi haikunyamaza hata kidogo.

“Mjomba, mbona hainyamazi?”

Ilimbidi ang'oe waya wa betri kwa mkono. Bawabu alikuwa amekufa mlango ukiwa wazi. Usiku huo, kwa mwanga wa kibatari, alirudi kwenye aya aliyoiruka akaisoma neno kwa neno na kamusi yake, mpaka majogoo. Kisha akaandika sentensi ambayo mfasiri yeyote angejivunia: “Koili haipendi kunyang'anywa ghafla, hulipiza kwa umeme mkali kuliko iliopewa, na diodi ile imesimama pale kupokea kisasi.”

Wiki iliyofuata alirudi na transista nyingine na diodi yake. Usiku wa kwanza honi iliamshwa na mbuzi. Usiku wa pili, na mlevi, ambaye alitoka mbio na hakupita tena njia hiyo. Usiku wa nne walikuja tembo watatu. Waya ulikatika, honi ikalia, nao wakageuka wakaondoka kwa kishindo. Kijana alikuwa ndani, amelala.

Lakini tembo si mnyama wa kudanganywa msimu mzima. Baada ya majuma machache walisimama wakasikiliza, kisha wakaendelea kula huku honi ikilia juu yao. Dada aliamka, kama alivyoomba. Aliamka akaliona shamba likiisha, akatoka na mumewe na vijinga vya moto. Walinusuru karibu nusu.

Fundi hakuudhika kama walivyodhani. Aliomba mkeka, akakaa na daftari. Alitaka honi isilie vilevile kila mara: leo ianze papo hapo, kesho ikawie, pengine taa iwake kwanza. Palihitajika mitungi zaidi. Mpwa wake alikaa ubavuni, akisoma kurasa za nyuma kwa kidole.

“Mjomba, hapa umeandika bawabu hupewa kidogo. Ni kidogo kiasi gani?”

“Kidogo sana. Leta kalamu, tupige hesabu.”