Vumbi Lisiloonekana

Shule yetu iko juu ya kilima. Sisi tulalao bwenini tukiamka mapema wakati wa kiangazi, huona utando wa kijivu umelala mabondeni mwa Kampala. Nilidhani ni ukungu tu, mpaka mwalimu wetu wa sayansi alipoleta chombo kidogo cha kupima vumbi la hewani.

Kazi yake si ngumu kuelewa. Feni huvuta hewa ndani, mwanga wa leza huipitia, na kila chembe hutawanya mwanga huo. Chombo hupima mimeto hiyo. Chembe zinazotafutwa ni zile zisizozidi milimita 0.0025, ambazo hupenya hata ndani ya mapafu. Tangu 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, katika mradi wa AirQo, wameweka vyombo vya namna hii mjini, vingine juu ya bodaboda. Kwingineko hutumika pia laida, ambayo hurusha mwanga angani na kupokea unaorudi, ili ijulikane vumbi limepanda kimo gani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Likizo ya Januari niliruhusiwa kwenda nacho nyumbani, Bwaise. Njiani, penye vumbi jekundu, nilitazamia namba kubwa, lakini haikuwa kubwa sana, kwani vumbi lile ni nene. Alfajiri Mama aliwasha jiko la makaa chumbani, akaange chapati za kuuza, maana nje hatukuwa na kibanda. Namba ikapanda, ikazidi kupanda, na mdogo wangu amelala pale pale, akikohoa.

Nilimwonyesha Mama kwa majivuno ya msomi. Akakitazama chombo, akasema, "Mwanangu, moshi huo ndio uliolipa karo yako. Na hilo chombo chako kinalipima?"

Sikuwa na jibu. Siku hiyo nilitafuta miti na mabati makuukuu, nikajenga kibanda nje, na kesho yake jiko likawashiwa huko. Siku ya tatu Mama mwenyewe aliniuliza, "Leo kinasemaje?" Namba ya chumbani ilikuwa imeshuka.

Basi wenzangu, elimu yetu isiishie kusoma namba. Tukishaisoma, tuinuke tukahamishe jiko.