Birika Baada ya Mvua



Huenda kwenu maji ya kutawadhia hutoka bombani, nawe huijui taabu ya birika. Sisi wa Muze tuko bondeni, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Mvua ikianza Novemba mpaka ikome Aprili, vijito hutushukia kutoka Ufipa vikiwa tope tupu. Hapo birika la msikiti wetu hufungwa, na kila mtu huja na kopo lake.

Mwezi wa Mei hufunguliwa. Maji ya mvua yaliyotuama humo huwa ya kijani, yamejaa viluwiluwi vya mbu, na kwa joto letu hao huota mbawa kabla ya wiki mbili kwisha. Yote humwagwa. Tope huzolewa kwa karai, na kuta husuguliwa kwa mchanga. Kisha ndipo hujazwa. Tumesoma kwamba maji yakifika kulateni, yaani kama lita 200, hayanajisiki ila yabadilike rangi, ladha au harufu. Basi wengi wetu huona birika likijaa, kazi imekwisha.

Mwaka mmoja amana hiyo ilikuwa juu yangu. Wageni wa kutoka Sumbawanga walikuwa waje Ijumaa, nami nilitaka wakute maji meupe. Kuta nilizisugua barabara. Mawe ya pembeni, yale ya kukanyagia wakati wa kuosha miguu, niliyaacha na ukoga wake. Nani huja kutazama mawe?

Aliyeteleza ni mzee wangu, aliyenisomesha juzuu. Aliangukia nyonga. Jioni nilimkuta amelazwa mkekani, chumba kimejaa watu, na wageni wamo.

"Mwanangu," akaniuliza, "yale mawe uliyasugua?"

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Akanyamaza kidogo. "Basi ni miguu yangu. Imezeeka."

Tangu siku ile hajaniuliza tena, wala mimi sijasema. Nakuandikia wewe nisiyekujua, ndugu yangu, kwa kuwa ni rahisi kuliko kuvuka njia nikabisha hodi kwake.

Mei hii mawe nimeyasugua siku mbili. Naye huja na gongo lake, akifika hapo husimama, huyatazama, kisha hunyoosha mkono nimshike.