Tulimwita Mkaidi, Kumbe Hasikii



 



Kila mwaka katika jarida hili walimu huwaandikieni nasaha, na mara nyingi nasaha hizo huwa ni juu ya makosa yenu: kuchelewa, kusahau somo la jana, kupiga soga wakati wa darsa. Safari hii sisi walimu wawili wa darasa la maandalizi tumeona tuandike juu ya kosa letu wenyewe. Ndani yake mna funzo kwa kila mwenye mdogo wake nyumbani, na nyinyi karibu nyote mna wadogo zenu.

Mwaka 2017 darasa letu lilikuwa na watoto 34, wa umri wa miaka mitatu hadi sita. Miongoni mwao alikuwemo mtoto wa miaka minne ambaye hatutamtaja jina, ingawa wazee wake wameturidhia tukisimulie kisa hiki. Mtoto huyu tukimwita hageuki. Tukisomesha Alhamdu kwa sauti na wenzake wakaitikia, yeye hutukodolea midomo, kisha hutamka nusu ya neno. Tukiwaambia watoto wakae chini, yeye hubaki amesimama mpaka aone wenzake wameshakaa. Tukimuuliza jambo, hutabasamu.

Sisi tukaamua kuwa huyu ni mkaidi. Kwanza tulimkaripia. Kisha tukawa tunamsimamisha pembeni. Mwisho tukamkalisha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili asiwaharibu wenzake. Kadiri tulivyomsogeza nyuma ndivyo alivyozidi kupotea. Na tuseme kweli, kwani tunaandika mbele ya Mwenyezi Mungu: siku moja mmoja wetu alimvuta sikio. Mtoto alilia kilio kikubwa kuliko kosa na kuliko adhabu, nasi hatukujiuliza kwa nini.

Dada yake alikuwa na miaka 11, akisoma hapa hapa madrasa katika darasa la jioni. Yeye ndiye aliyekuwa akimleta kila asubuhi kabla ya kwenda skuli. Siku mbili baada ya kilio kile, alimfikisha mdogo wake lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni akichezea ncha ya mtandio wake. Tukamuuliza, "Una nini, mwanangu?"

Akasema, "Mwalimu, naomba mumkalishe mbele. Upande huu hasikii. Sikio lake linatoka usaha, usiku mto unarowa. Mama kaniambia nisiseme."

Tulitazamana sisi wawili. Lilikuwa ni sikio lile lile.

Siku hiyo baada ya sala ya Alasiri tulikwenda nyumbani kwao. Mama alikuwa uani, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, kwani kesho yake maji yalikuwa yanatoka mapema. Baba hakuwepo, alikuwa dago wiki ya tatu. Mama alipotuona alinyanyuka, akatukaribisha mkekani, kisha akauliza, "Walimu, kafanya nini tena?"

Neno lile "tena" lilituingia. Tukamwambia, "Mtoto hakufanya kitu, dada yetu. Tuliokosa ni sisi." Tukamweleza yote, na la kuvutwa sikio pia. Alinyamaza kwa muda, akawa anafuta mikono yake kwenye kanga. Halafu akaanza kusema. Sikio lilianza kutoka maji tangu mafua ya msimu wa kusi. Bibi wa mtoto akalitia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thomu. Likakauka siku chache, likarudi. Alitamani kumpeleka kituo cha afya, lakini siku za bamvua ndizo siku za mwani, na siku moja ikipotea ni fedha iliyopotea. Na zaidi ya hayo aliogopa maneno ya watu, kwamba nyumba yake ni chafu, au mwanawe aitwe kiziwi mpaka ukubwani. Ndiyo maana akamkanya binti yake asiseme.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tuliporejea nyumbani tulijiuliza: ni nani aliyemfanya mama huyu afiche? Kila mara tulipomwita madrasa, tulimwita ili kumshitakia. Hata siku moja hatujamwita ili kumuuliza hali yake.

Bibi wa mtoto naye alikuwepo, akasema, "Mafuta haya tumelelea watu wangapi!" Hatukubishana naye. Tulimwambia, "Bibi, wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii. Tunaomba ututangulie kesho kituoni." Akacheka, akasema, "Mnanichukua ili nisiwapinge." Kisha akaenda kutafuta buibui lake.

Kesho yake tulikwenda, na majirani wawili wakamshikia mama kamba zake za mwani. Mganga alilitazama sikio, akauliza ni siku ngapi. Aliposikia kuwa ni miezi, alitueleza kuwa sikio linalotoka usaha zaidi ya wiki mbili si jambo la kulisubiri, kwani ngoma ya sikio hutoboka na usikivu ukapungua. Akamfundisha mama kazi ya kufanya. Achukue kitambaa safi kinachofyonza maji, akisokote kama utambi, akitie sikioni taratibu, akitoe kikirowa na kutia kingine mpaka sikio likauke. Afanye hivyo mara tatu kwa siku, na kila mara likishakauka ndipo atie matone ya dawa, kwa muda wa wiki mbili. Asitie mafuta. Asiache pamba ndani. Mtoto asiogelee baharini. Na kama nyuma ya sikio patavimba na kuuma, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi aliyasikiliza yote. Baadaye tukaambiwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akisokota vile vitambaa, na hapana aliyemshinda kwa mikono laini.

Mganga hakuishia hapo. Aliiomba kadi ya mtoto. Akaona hakupata sindano ya pili ya surua, ambayo mtoto huchomwa akiwa na miezi 18, wala matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kila baada ya miezi sita mpaka mtoto akaribie kutimiza miaka mitano. Akatuambia kuwa surua yenyewe ni moja ya maradhi yanayoharibu masikio na macho ya watoto. Kisha akamtazama mama. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alikuwa na mimba ya miezi mitano na alikuwa hajahudhuria kliniki. Alipopimwa, damu ilikuwa chini. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, na akaambiwa jambo ambalo hata sisi tulikuwa hatulijui: chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga na kunde. Bora kunywa chai baadaye, na wakati wa chakula kukamulia ndimu au kula chungwa, kwani hivyo huusaidia mwili kuyachukua.

Tulikwenda kwa ajili ya sikio moja la mtoto mmoja. Tulirudi tunajua kuwa mama alikuwa anaumwa, kwamba kijacho tumboni alikuwa hatarini, na kwamba binti wa miaka 11 alikuwa amebeba siri iliyomzidi kimo.

Ndugu wanafunzi, huenda mtu akasema: kazi ya madrasa ni kusomesha, haya ya masikio na damu ni ya hospitali. Maneno hayo yalisemwa pia katika kikao cha kamati yetu, na mzee mmoja mvuvi akajibu kwa swali: "Mtoto asiyesikia ataifuata Qur-ani kwa lipi?" Hapana aliyemjibu.

Wala jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwaka 1986 huko Mombasa lilianzishwa darasa la watoto wadogo ndani ya madrasa, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, baada ya viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya kuona watoto wao wanaingia skuli wakiwa nyuma ya wenziwao. Bi. Swafiya Said, mwalimu wa huko Mombasa, alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mwaka 1990 mpango huo ulifika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Wanawake wa mtaa husika ndio waliofundishwa ualimu, kamati za wenyeji ndizo zilizosimamia, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya hapa hapa: vifuu, kokwa, makombe na vitambaa. Watafiti waliwafuatilia watoto wa madarasa hayo katika nchi zote tatu, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha kuwa waliendelea kiakili zaidi ya watoto waliobaki nyumbani, na hata zaidi ya wale wa skuli nyengine za maandalizi.

Sisi tulikuwa tumeziiga zile kokwa na vifuu. Tulichosahau kuiga ni ule mlango ulio wazi baina ya darasa na nyumba.

Tangu mwaka ule tumebadilisha mambo machache. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi akina mama hukaa nasi barazani, na mhudumu wa afya wa kujitolea wa shehia huja. Kadi husomwa. Watoto wadogo hupimwa mkono kwa utepe: sentimita 12.5 na zaidi ni salama, chini ya hapo ni onyo, na chini ya 11.5 ni hatari ya kupelekwa hospitali bila ya kuchelewa. Huzungumzwa kunyonyesha, kwamba miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama pekee yanatosha, na baada ya hapo mtoto ale chakula huku akiendelea kunyonya. Akina mama hufurahi kukumbushwa kuwa ile miaka miwili wanayoambiwa na wauguzi imo pia katika Suratul Baqara, aya ya 233. Akina baba hawakuja Alhamisi, basi tukawafuata Ijumaa baada ya sala.

Pale mnapotawadhia tumetundika sabuni ndani ya soksi kuukuu, na nyinyi mmeshaizoea. Huko nyuma tulikuwa tukiwafundisha watoto udhu vizuri kabisa, lakini wakitoka chooni hunawa kwa maji matupu, kisha wakagawana embe moja. Sasa ni sabuni baada ya choo na sabuni kabla ya kula, mkubwa na mdogo.

Na jambo kubwa kuliko yote ni hili: hatumwiti mzazi kumshitakia kabla ya kumuuliza hali. Na mtoto asiyeitikia, kwanza tunamtazama masikio na macho, tena tunauliza kama amekula na kama amelala.

Sasa tunakuja kwenu. Sisi huwa na mtoto saa nne tu kwa siku. Wazazi wenu wamo baharini, shambani na sokoni. Nyinyi mnaolala mkeka mmoja na wadogo zenu ndio mnaojua nani anakohoa usiku, nani hasikii, nani husogeza kitabu mpaka puani, nani hakula tangu jana, na chandarua cha nani kimetoboka. Mkiona jambo, mwambieni mama au baba kwa adabu. Ikiwa wao wamezidiwa, njooni mtuambie sisi. Kusema ili mdogo wako atibiwe si kutoa siri ya nyumba. Ni kumsemea asiyeweza kujisemea. Nasi tunatoa ahadi kwa maandishi katika jarida hili kwamba hatutamkaripia wala kumwaibisha yeyote atakayekuja, wala mzazi wake.

Mtajiuliza mtoto yule yukoje. Sikio lilikauka baada ya wiki kadhaa. Hospitali ya mjini wakasema sikio moja linasikia vizuri na jengine limebaki na upungufu, kwani tulichelewa. Tulimkalisha mbele, upande unaolielekeza kwetu sikio lake zima, na kabla ya muhula kumalizika aliisoma Alhamdu tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya dada yake. Mama alijifungua salama. Mtoto wake huyo naye amepita katika darasa letu.

Yule mtoto wetu leo ni kijana anayesoma pamoja nanyi. Mkimwita asigeuke, msiseme amejivuna. Mzungukieni upande wa pili, mumwite tena.

Tunamuomba radhi yeye na dada yake, kama tulivyowaomba ana kwa ana. Na tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe, awape afya wadogo zenu na wazazi wenu, na atujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Walimu wenu wa darasa la maandalizi