Tashbihi Niliyoisahau Maabarani

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii nimeifafanua katika mitihani mingi, lakini maana yake niliipata katika maabara ya kemia, wala si katika ukumbi wa fasihi.

Katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho, nilichunguza iwapo rangi iliyopakwa kwenye kipande cha chuma ingekikinga dhidi ya kutu ndani ya maji ya chumvi. Nilipima impidansi, yaani jinsi mfumo unavyoupinga mkondo wa umeme unaobadili mwelekeo. Volteji hafifu ya milivolti 10 hutumiwa, kwanza kwa mizunguko 100,000 kwa sekunde, kisha polepole zaidi, hadi mzunguko mmoja huchukua sekunde 100. Matokeo yakichorwa, aghalabu hufanya umbo la nusu duara.

Umbo hilo halijisemei. Mtafiti hulifasiri kwa kubuni saketi linganifu, yaani saketi ambayo ingetoa vipimo kama hivyo. John Randles alipendekeza iliyo mashuhuri mnamo mwaka wa 1947: ndani yake mna ukinzani wa mmumunyo, kapasita inayowakilisha mpaka wa metali na mmumunyo, ukinzani wa mmenyuko, na kijenzi cha usambaaji wa chembe. Hata hivyo, chomboni mwangu hamkuwa na kapasita. Mlikuwa na chuma, rangi na maji vilivyotenda kama kapasita. Hiyo ni tashbihi.

Mimi niliisahau hiyo "kama". Saketi yangu ya kwanza ilipokosa kuafikiana na vipimo, niliongeza jozi ya pili ya ukinzani na kapasita. Mchoro ukalala juu ya vipimo bila pengo, nami nikauhusisha ukinzani mkubwa na rangi, nikaandika kwamba rangi ni imara.

Msimamizi wangu aliisoma rasimu, akaniuliza, "Kila kijenzi hapa kinasimamia nini?" Nilibaki kimya. Kisha akanionyesha kuwa jozi mbili zinaweza kupangwa kwa kufuatana, au moja ikawekwa ndani ya nyingine, na saketi zote mbili zikatoa impidansi ile ile katika kila kasi ya mizunguko. Thamani za vijenzi ndizo hubadilika, pamoja na maana yake. Kwa hivyo, ulaini wa mchoro pekee hauwezi kuamua ni ipi iliyo kweli.

Nilirudi maabarani nikaibandua rangi. Chini yake palikuwa na madoa ya kutu.

Ndugu msomaji, sisi wapenzi wa fasihi huonywa tusilazimishe matini iseme tunayoyataka. Niliidhani kanuni hiyo kuwa ya mashairi tu. Laiti ripoti ile ingekabidhiwa mwenye daraja au tangi la maji, gharama ya kuifuta "kama" isingekuwa alama za mtihani.