Jarida Jipya Likishazinduliwa, Nani Analilea?

Kwetu mtoto akizaliwa, nyumba hujaa. Huyu kaleta khanga, yule kaleta unga wa uji, na kila mmoja ana jina analolipendekeza. Arobaini ikipita, wageni hupungua, akabaki mama na usiku wake. Majarida ya kitaaluma nayo mara nyingi ni hivyo hivyo. Siku ya uzinduzi kuna hotuba, picha na keki. Toleo la pili huchelewa, na la tatu watu huulizana liko wapi.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu mwalimu wangu wa diploma ya uuguzi aliponipigia simu kutoka nyumbani. Yeye na wenzake wanataka kuanzisha jarida la uhandisi wa maarifa na data, na wanatafuta wahakiki.

“Mwanangu, wahandisi ninao,” aliniambia. “Namtaka mtu anayeziingiza hizo data kila siku.”

“Mwalimu, nipe wiki moja nifikirie,” nilimjibu.

Jina la fani hiyo linatisha, lakini kazi yenyewe iko wodini kila siku. Presha, joto, uzito na dawa ninazoandika kwenye kompyuta ni data. Kujua kwamba dawa hii haifai kwa mgonjwa yule kwa sababu ana mzio nayo, hayo ni maarifa. Uhandisi ni kuipanga mashine iviunganishe viwili hivyo na kunionya kabla sijachoma sindano. Duniani fani hii ina majarida yake ya siku nyingi: Data & Knowledge Engineering lilianza mwaka 1985, na lile la wahandisi wa IEEE wa Marekani likafuata mwaka 1989.

Sasa njoo Dubai. Hapa kuna mtandao uitwao NABIDH unaounganisha rekodi za wagonjwa wa hospitali na kliniki, za serikali na za binafsi. Kwa mkazi mambo ni mepesi, maana ana Emirates ID yenye tarakimu 15 zinazoanza na 784. Lakini mchukulie mama aliyekuja kumtembelea mwanawe. Hana kitambulisho hicho, ana pasipoti tu. Anaitwa Pili, na Kiarabu hakina herufi ya “p”, kwa hiyo jina likiandikwa kwa Kiarabu kisha likarudishwa kwa herufi za Kilatini, linaweza kurudi Bili. Baba yake ni Mohamed, jina ambalo Waarabu huliandika kwa namna moja, lakini kwa herufi zetu huwa Mohamed, Mohammed au Muhammad. Jina la tatu ni la babu, nalo mashine inalichukua kama jina la ukoo. Akirudi baada ya miaka mitatu na pasipoti mpya, namba nayo imebadilika. Mama mmoja anaweza kuwa na mafaili mawili, na mzio wake wa penisilini umeandikwa kwenye faili moja tu.

Hilo ni tatizo la uhandisi wa data, na anayelifahamu vizuri si mtaalamu aliyekaa mbali na wodi. Ni muuguzi anayejua kwamba Pili ni jina la mtoto wa pili, na kwamba “babu” si ukoo. Je, maarifa hayo yanaandikwa wapi?

Nilipokuwa nasoma shahada yangu ng’ambo nilikutana na makala kuhusu Mosoriot, kituo cha afya cha kijijini karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka 2001 kituo hicho kilianza kutumia rekodi za wagonjwa za kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Makala ilichapishwa mwaka 2003 katika jarida la chama cha Marekani cha taarifa za tiba. Matokeo yalisema kwamba ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22, na muda aliokaa na wahudumu ulipungua kwa asilimia 58.

Mhandisi akisoma hapo anaona kazi imekwenda haraka. Mimi muuguzi nikauliza: huo muda uliopungua ulikuwa wa kujaza madaftari, au wa kumsikiliza mgonjwa? Sisemi mfumo ule ulikuwa mbaya. Aliyewahi kujaza rejesta kwa mkono anajua jinsi zinavyokula siku. Nasema tu kwamba tarakimu moja ina maswali mawili, na jarida ndipo mahali pa kuyakutanisha. Lakini muuguzi wa Mosoriot aliyetaka kujibu makala ile katika jarida lililoichapisha ilimbidi aandike Marekani, ilhali yanayozungumzwa ni ya kituoni kwake.

Ndiyo maana nalithamini Journal of Health Informatics in Africa. Linatolewa na HELINA, jumuiya ya Afrika ya taarifa za afya, ambayo mkutano wake wa kwanza ulifanyika Ile-Ife, Nigeria, mwaka 1993. Jarida lilianza mwaka 2013, miaka 20 baadaye, na mkutano wa mwaka huo ulifanyika Eldoret. Makala zake husomwa bure mtandaoni.

Kulea jarida kunataka nini? Namba ya ISSN ni rahisi kuipata, nayo ni kitambulisho tu, haithibitishi ubora. Kazi iko kwa wahakiki, watu wanaosoma makala ya mwenzao bila malipo na kuonyesha mashimo yake kwa adabu. Iko kwa mhariri anayetoa toleo kwa wakati hata kama makala nzuri ni tatu tu. Na iko kwenye fedha: mwandishi akitozwa mamia ya dola, muuguzi wa Nandi au Tanga hataandika kamwe. Barua pepe za kunisifu kwa “utafiti wako bora” na kuniomba nilipe ili nichapishwe ndani ya siku chache huwa nazifuta. Jarida linaloahidi hivyo halina mhakiki, lina mtunza fedha.

Lakini jarida lililolelewa hudumu. Lile la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina mizizi katika taarifa ya Kamati ya Lugha iliyoanza kutolewa mwaka 1930. Limebadilisha majina na mikono, wala halikufa.

Mwalimu nimemkubalia, kwa masharti matatu. Nitahakiki makala mbili kwa mwaka, si zaidi, kwa sababu zamu za usiku nazijua. Mwandishi asitozwe. Na kila makala iwe na muhtasari wa Kiswahili, ili aliyechukuliwa vipimo aweze kusoma kilichosemwa juu yake.

Nanyi mlio ughaibuni, msidhani haya ni ya maprofesa peke yao. Ukiwa na kijana anayesomea kompyuta, mwambie majina yetu yanahitaji mhandisi. Ukiwa mfamasia, mhasibu au mtaalamu wa maabara, mpe mhariri wa nyumbani saa zako chache kwa mwaka. Na mama akija kutembea, aje na pasipoti ya zamani pamoja na mpya, na karatasi yenye dawa anazotumia na mzio wake, jina likiandikwa vilevile lilivyo kwenye pasipoti. Hadi wahandisi watakapolimaliza tatizo hili, karatasi hiyo mkobani inaweza kumwokoa.