Asparaga za Evesham: Kisu Husubiri Mwaka wa Tatu

Treni iendayo Evesham huanzia kituo cha Paddington, London, hupita Oxford, kisha hukata vilima vya Cotswolds na kuteremka kwenye bonde la mto Avon, katika jimbo la Worcestershire. Ilikuwa safari yangu ya kwanza Ulaya, nami nilikaa dirishani njia nzima. Mwezi Mei ulikuwa ukingoni. Nyua za miti zinazogawa mashamba zilikuwa zimechanua maua meupe, ngano ilikuwa bado kijani, na kondoo walitapakaa malishoni. Mimi ni mtoto wa Lushoto, nimekulia kwenye matuta ya kabichi na karoti. Macho yangu hayakutafuta makasri. Yalitafuta watu wa huku wanalima nini.

Dada yangu alinipokea stesheni. Ni muuguzi, ameishi huko miaka mingi, na kila tulipozungumza kwa simu hakukosa kutaja bustani yake. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla sijafunga mlango wa gari akaniambia, "Umekuja wakati wake, mdogo wangu. Wiki chache zijazo usingeikuta asparaga hata moja ya kukata." Jioni ileile tukaenda bustanini, maana mwishoni mwa mwezi huo jua huzama baada ya saa tatu usiku.

Bustani yenyewe haiko nyumbani kwake. Nyumba nyingi za Uingereza zina ua mdogo, kwa hiyo watu hukodi viwanja vya kulima mboga pembezoni mwa mji, na sheria ya mwaka 1908 iliweka wazi wajibu wa halmashauri wa kuvitoa pale wananchi wanapovihitaji. Kiwanja kamili kwa kipimo cha zamani kina kama mita za mraba 250. Wapangaji wengi huchukua nusu yake, na ndivyo alivyofanya dada. Kila kiwanja kina kibanda cha zana, pipa la maji ya mvua na rundo la mboji. Nikapita katikati ya viazi, vitunguu na maharagwe yaliyosimikiwa miti, vitu ninavyovijua tangu utoto, hadi nikafika mahali nisipopajua kabisa.

Palikuwa na matuta mawili. La kwanza lilionekana tupu. Hapakuwa na jani. Udongo ulikuwa safi, na ndani yake vimesimama vijiti vya kijani vyenye unene wa kidole gumba, kila kimoja peke yake, kana kwamba mtu amevichomeka kwa mkono. Nikachuchumaa. Kila chipukizi lilikuwa na magamba madogo ya pembetatu yaliyolalia shina, na kileleni magamba hayo yalibanana na kuwa na rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo asparaga kabla haijafunguka. Tuta la pili lilikuwa na machipukizi membamba, mengi hayazidi unene wa penseli, na baadhi yalikwisha kufunguka na kuwa matawi mepesi, laini kama manyoya, yanayofika kiunoni.

"Hili la zamani nililikuta, nimerithi kwa mpangaji aliyenitangulia," dada akasema. "Hili jingine nimepanda mwenyewe mwaka jana, mwezi Machi."

"Nalo mbona limeachwa? Yale pale yamefikia kukatwa."

"Yamefikia kwa macho yako. Mizizi bado."

Jirani wa kiwanja cha pili, mzee ambaye dada humheshimu kama baba, alitusikia akaja kusimama nasi. Alikuwa na subira ya mtu aliyewafundisha wengi. Alichukua mche mkavu uliobaki kwenye kibanda chake akaniwekea kiganjani: kitovu kidogo chenye machipukizi yaliyolala, na pembeni yake mizizi minene, mirefu, imetawanyika kila upande. Asparaga, akanieleza, ni mmea wa miaka mingi. Kila mwaka sehemu ya juu hukauka, lakini kisiki cha chini hubaki hai, na tuta lililotunzwa huzaa hata miaka 20. Mizizi ile minene ndiyo ghala. Wakati wa kiangazi matawi yale laini hunasa mwanga, hutengeneza sukari, na sukari hushuka kuhifadhiwa chini. Majira ya kuchipua yakifika, chipukizi hupanda kwa kutumia akiba ya mwaka uliopita. Hadi litakapofungua matawi, lenyewe halina linachorudisha cha maana. Kila unapolikata, kisiki kimetoa bila kulipwa.

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu yao ya miaka. Miche inayonunuliwa huwa na umri wa mwaka mmoja. Huchimbwa mfereji wa upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 20, katikati yake huinuliwa kituta kidogo, mche hukalishwa juu yake na mizizi ikatandazwa pande mbili, kisha hufukiwa. Kati ya mche na mche huachwa sentimita 30 hadi 45. Mwaka huo wa kwanza hukati kitu. Mwaka wa pili hukati kitu. Mwaka wa tatu ndipo unapoingia na kisu, kuanzia katikati ya Aprili, kwa muda wa wiki kama sita, na kuanzia mwaka wa nne unaweza kuvuna wiki nane. Aliyeanza na mbegu badala ya miche huongeza mwaka mmoja juu ya hesabu hiyo. Mwaka unaohesabiwa ni wa kukaa kwenye tuta, kwa kuwa mche ukihamishwa hupoteza sehemu ya mizizi na lazima ujijenge upya.

Asubuhi iliyofuata nilikabidhiwa kisu. Kilikuwa kirefu, chembamba, chenye meno karibu na ncha. Chipukizi hukatwa likiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 18, kileleni pangali pamefumba. Likizidi hapo magamba huanza kuachana na shina hukakamaa kuwa kamba. Unatanguliza kidole kwenye udongo, unapapasa kama kuna jingine linalokuja kando yake, halafu unashusha kisu sentimita mbili au tatu chini ya uso wa ardhi na kukata kwa mshazari. Nilikata la kwanza, likatoa mlio mkavu, na tone la maji safi likajitokeza kwenye jeraha. Dada akalivunja vipande viwili tukalila palepale. Lilikuwa na utamu wa njegere mbichi.

Siku za joto machipukizi hurefuka upesi mno. La asubuhi lenye urefu wa kidole laweza kuwa limepita kimo kesho yake. Kwa hiyo wavunaji hukagua tuta kila baada ya siku mbili au tatu, na joto likikaza hupita kila siku. Baridi nayo ina usemi wake. Usiku wa barafu ukija mwezi Aprili au Mei, yaliyokwisha kutokeza hulegea na kuwa meusi. Hukatwa na kutupwa, kisiki kikatoa mengine.

Mwisho wa wiki dada alinipeleka kijiji cha Bretforton, maili chache mashariki mwa Evesham, kwenye mnada wa asparaga unaofanyika kila mwaka mwishoni mwa Mei. Hufanyikia uani kwa The Fleece Inn, nyumba ya kale yenye mbao nyeusi na kuta nyeupe. Mmiliki wake, Lola Taplin, aliiachia taasisi ya kuhifadhi urithi ya National Trust alipofariki mwaka 1977. Mafungu ya asparaga yalipangwa mezani, yamebanwa wima, vilele vimelingana. Zamani yalifungwa kwa fito laini za miti ya kando ya mto. Mnadishaji alipandisha bei kwa sauti ya kuimba, na fungu moja likauzwa kwa fedha ambayo sokoni ingenunua mafungu mengi, kwa kuwa mapato huisaidia bendi ya tarumbeta ya kijiji. Nilifurahi kuona mboga inaheshimiwa hivyo na watu wanaoilima. Kwa desturi ya bonde lile, msimu hufunguliwa tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu George, na hufungwa tarehe 21 Juni, siku iliyo ndefu kuliko zote.

Tarehe ile ya kufunga ndiyo niliyoiona ina uzito kuliko ya kufungua. Tarehe 21 Juni machipukizi bado yanatoka, mazuri, ya kuuzika. Wakulima huweka visu chini hata hivyo. Yanayotoka baada ya hapo huachwa yafunguke, yawe matawi, yajaze ghala kwa miezi ya kiangazi iliyobaki. Kazi ya mkulima hubadilika: kung'oa magugu kwa mkono, kwa sababu mizizi iko karibu na uso na jembe huijeruhi, kuokota mbawakawa wa asparaga, mwenye mgongo mweusi wenye madoa ya rangi ya maziwa na kingo nyekundu, anayekula matawi, na kufunga kamba upepo usivunje mashina. Matawi hukatwa pale tu yanapogeuka manjano wakati wa vuli, kwani sukari yote imekwisha kushuka.

Nilimuuliza mzee habari za sisi tusio na majira ya baridi ya kuulaza mmea. Jibu lipo tayari katika nchi za joto. Kwenye pwani kavu ya Peru wakulima huukatia mmea maji ili upumzike, kisha huumwagilia uamke. Wakulima wa Thailand huacha mashina machache yaote matawi na kulisha kisiki, huku wakivuna yale yanayochipuka pembeni. Njia ni tofauti, lakini hakuna inayoruhusu kukata kila kinachotoka mwaka mzima. Mkulima wa Usambara mwenye kipande cha ardhi ya kichanga isiyotuama maji na mwenye nia ya kujaribu, aanze na kanuni hiyo.

Nimeona kwetu mazao mengi yakivunwa kabla ya wakati, kwa njaa au kwa kuogopa wezi, na silaumu. Lakini mmea huu unadai miaka miwili mitupu mwanzoni na miezi mingi ya kujizuia kila mwaka, na unalipa kwa miongo. Dada ataingia kwenye tuta lake jipya mwakani, katikati ya Aprili. Machipukizi yakianza kutoka membamba kabla ya wiki sita kutimia, ataacha, hata kama jiko linadai. Anayetaka kujua kama tuta lake liko tayari mwaka huu ajiulize mwaka jana matawi yalisimama kwa muda gani, na yalikuwa mazito kiasi gani yalipokauka.