Kujibu kwa ajili ya mwingine

Miaka ile nilikuwa nafanya kazi Johannesburg, katika biro ya banki moja. Ordinateri kubwa ya IBM ilikuwa kwetu, na mashini za wafanyakazi zilikuwa mbali, katika miji mingine. Zilisemezana kwa desturi ya SNA, ile IBM ilileta mwaka 1974. Ordinateri kubwa ni sawa kapita wa kazi: kila mara inaita, "Uko?" Mashini isipojibu upesi, inahesabiwa kama haiko, na kazi yake inakatika.

Halafu zikaja njia za ruta. Pale ujumbe wa namna nyingi unapita pamoja, na jibu linaweza kukawia. Mashini zikakatwa ovyo, watu wakalalamika. Dawa yake ni DLSw. IBM iliieleza wazi mwaka 1993, na mwaka 1995 makampuni mengi yakapatana juu ya kanuni yake. Ruta ya upande wetu inajibu pale pale, "Niko, nimepata", kwa ajili ya mashini ya mbali. Kisha inabeba ujumbe kwa TCP mpaka kwa ruta ya ngambo. Kipande kikipotea, kinatumwa tena.

Kijana mmoja wa kwetu, niliyekuwa ninamufundisha, akaniuliza: "Sasa yaya, ile si bongo?"

Nikamujibu: hapana. Ruta inajibu vile paka kama iko na njia ya kweli mpaka kwa mwenzake. Njia ikikatika kabisa, inafunga mazungumzo, kapita ajue.

Usiku ule sikulala. Mama, kule Likasi, alikuwa ananipigia simu kuuliza habari ya mdogo wangu, aliyeondoka kutafuta kazi. Kila mara nilimwambia, "Yuko muzuri, mama, anakusalimia." Kumbe, mwaka muzima sikupata habari yake hata moja. Nilikuwa ruta isiyo na njia.

Alipopiga tena nikamwambia ukweli. Alinyamaza sana. Kisha akasema: "Basi, tumutafute." Akaandikia jamaa wote. Kisha miezi mitatu tukamupata Ndola, mgonjwa, peke yake, akiona haya kuandika nyumbani. Leo yuko na muke na watoto.

Wewe unayesoma, ukijibu kwa ajili ya mtu, angalia kama njia yako kwake ingali wazi. Kama imekatika, sema. Pengine mtu anangojea neno lako ili aanze kutafuta.